Kutoka Gais hadi Trogen kwa Miguu: Mwongozo Kamili wa Siku Moja Katika Vilima vya Appenzell

Wengi wakisikia neno Alps huwaza barafu, kamba na watu wanaoning'inia kwenye majabali. Chini ya majabali hayo kuna nchi nyingine kabisa: vilima vya kijani, nyumba za mbao zilizotawanyika kila moja na banda lake la ng'ombe, vijito, misonobari na njia za miguu zinazopita katikati ya malisho. Appenzell, mashariki mwa Uswisi, ni nchi ya namna hiyo, na majira ya kuchipua ndiyo wakati wake bora kwa mtu anayetaka kutembea siku moja tu na kurudi nyumbani jioni.

Mwongozo huu unafuata njia moja: unaanzia kijiji cha Gais, unapanda kilima cha Gäbris chenye mita 1,251, kisha unashuka upande wa pili hadi Trogen. Vijiji vyote viwili viko juu kidogo ya mita 900, kwa hiyo unapanda kama mita 350 na kushuka kiasi hicho hicho. Urefu ni kati ya kilomita 8 na 10 kutegemea kijia utakachochagua. Miguu itafanya kazi kama saa tatu, na ukiongeza kupumzika, kula na kutazama mandhari, tenga saa tano.

Urefu wa kilima usikutishe. Mkazi wa Nairobi hulala mahali palipo juu zaidi ya kilele hiki, na wa Arusha vilevile. Hutaishiwa pumzi kwa sababu ya hewa nyembamba. Jambo la kujifunza kabla ya kwenda ni jingine: karibu njia yote inapita katika mashamba ya watu, na Mei ndio mwezi ambao chakula cha ng'ombe wao kinakua. Ukijua kupita shambani kwa adabu, siku itakuwa nyepesi kwako na kwa mwenye shamba. Ndiyo maana sehemu ya mashamba ni ndefu kuliko nyingine zote hapa.

Chagua wiki kwanza, siku baadaye

Kipindi kizuri ni kuanzia wiki ya mwisho ya Aprili hadi mwisho wa Mei. Kabla ya hapo theluji huweza kubaki upande wa kaskazini wa kilima, ambao ndio upande utakaoshukia, na chini ya miti hugeuka tope zito. Mwanzoni mwa Mei makonde hujaa maua ya manjano ambayo wenyeji huyaita Löwenzahn, na milima mirefu ya Alpstein nyuma yake bado ni myeupe kwa theluji. Rangi hizo mbili kwa pamoja hudumu majuma machache tu. Kama una uhuru wa kuchagua, nenda wakati huo.

Baridi inaweza kurudi ghafla. Wakulima wa huku huziangalia kwa hofu siku za tarehe 11 hadi 15 Mei, wanazoziita Eisheilige, yaani watakatifu wa barafu, na wengi hawapandi mboga laini nje kabla siku hizo hazijapita. Theluji ya siku moja mwezi Mei haimshangazi mtu yeyote.

Upepo wa Föhn nao ujue. Unatoka kusini, unavuka milima na kuteremka upande wa kaskazini ukiwa mkavu na wenye joto. Siku ya Föhn anga huwa safi, na milima huonekana karibu mno. Upepo huo unapokatika, mvua na baridi huja haraka. Tumia programu ya MeteoSwiss, taasisi ya taifa ya hali ya hewa: jioni ya kuamkia safari soma utabiri wa saa kwa saa, na asubuhi tazama rada ya mvua. Ikionyesha radi mchana, panga uwe umeshaondoka kileleni kabla ya saa saba. Ikionyesha mvua ya kutwa, ahirisha. Kilima kitakuwepo wiki ijayo.

Treni na tiketi

Uzuri mkubwa wa njia hii ni kwamba Gais na Trogen ziko kwenye reli moja. Tangu Oktoba 2018, handaki la Ruckhalde lilipofunguliwa mjini St. Gallen, treni ya S21 ya Appenzeller Bahnen hutoka Appenzell, hupita Gais na St. Gallen, na kuishia Trogen bila abiria kubadili treni. Huhitaji gari wala kurudi ulikotoka. Unashuka Gais, unavuka kilima kwa miguu, unapanda tena treni hiyo hiyo upande wa pili.

Kutoka Zürich hadi St. Gallen ni saa moja hivi, na zipo treni za moja kwa moja hata kutoka uwanja wa ndege wa Zürich. Pale St. Gallen fuata vibao vya Appenzeller Bahnen, kwa sababu treni hizo ndogo hupandiwa pembeni ya stesheni kuu. Hadi Gais ni karibu nusu saa. Panga kufika huko saa tatu au saa tatu na nusu asubuhi.

Nunua tiketi kabla ya kupanda, kwenye mashine au kwenye programu ya SBB, shirika la reli la Uswisi, maana wakaguzi hupita na faini ni kubwa. Anayeishi Uswisi na kusafiri mara kwa mara atafidia haraka gharama ya kadi ya Halbtax inayopunguza nauli kwa nusu. Anayekuja kutembea aangalie Spartageskarte, tiketi ya kutwa ambayo bei yake huwa nafuu zaidi ukiinunua mapema. Beba kitambulisho au kibali chako cha kuishi. Wenye pasipoti ya Kenya au Tanzania wanaokuja kama wageni wanahitaji viza ya Schengen, na kabla ya kuondoka nyumbani waulize kama bima yao ya safari inalipia uokoaji wa helikopta. Bima nyingi hulipia hospitali peke yake.

Mavazi na begi

Vaa nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, badala ya koti moja zito. Ndani vaa fulana ya kukauka haraka. Ya pamba ikilowa jasho hubaki na unyevu mwilini, na ukiingia kivulini utatetemeka. Juu yake sweta jepesi, na ya nje koti la mvua lisilopitisha upepo. Chukua kofia ya joto na glavu nyembamba hata kama jua linawaka St. Gallen. Chukua pia mafuta ya kukinga jua na miwani. Ngozi nyeusi nayo huungua, hasa mwanga ukiakisi theluji iliyobaki.

Viatu ndivyo muhimu kuliko kitu kingine chochote katika orodha hii. Soli iwe na meno. Nyasi zenye umande kwenye mteremko huteleza vibaya, na raba za mjini hazishiki kitu pale. Kama unamtembeza mama au baba aliyekuja kukutembelea, mtafutie fimbo mbili za kutembelea. Magoti ya wazee huumia zaidi wakati wa kushuka kuliko wa kupanda, na njia hii ina mshuko mrefu.

Begini weka lita moja na nusu ya maji, chakula, plasta za malengelenge, kibano cha kutolea kupe, soksi za akiba, mfuko wa taka na pawabanki. Pakua ramani ya swisstopo kwenye simu ukiwa bado na intaneti. Ni ramani rasmi ya nchi, ni bure, na inaonyesha kila kijia, kila banda na kila mstari wa mwinuko. Namba za dharura ziandike pia kwenye karatasi: 144 kwa gari la wagonjwa, 1414 kwa Rega wenye helikopta za uokoaji, na 112 kwa dharura yoyote.

Chakula

Kama ni Jumapili, nunua vitu siku moja kabla. Maduka ya kawaida Uswisi hufungwa Jumapili, isipokuwa yale ya stesheni kubwa. Mikate, jibini la Appenzeller, matunda na chokoleti vinatosha, na chai ya moto kwenye chupa hufaa sana kileleni.

Gäbris ina hoteli ndogo ya mlimani, lakini angalia mtandaoni kama iko wazi siku hiyo. Hoteli za namna hii hufunga siku moja au mbili katikati ya juma, na kibao cha Ruhetag mlangoni maana yake ni siku ya mapumziko. Kwa Waislamu na wengine wasiokula nguruwe: soseji za huku nyingi zina nguruwe, hata zile zinazoonekana za ng'ombe, kwa hiyo uliza kwanza. Makaroni yenye jibini au viazi vya Rösti visivyo na nyama ni chaguo salama, lakini taja wazi kwamba hutaki vipande vya bekoni ndani.

Njiani utakuta pia vibanda au makabati ya wakulima yenye mayai, jibini na asali, bila muuzaji. Bei imeandikwa, kikopo cha pesa kipo pembeni. Beba sarafu za faranga, chukua unachotaka, weka pesa kamili.

Kutoka Gais hadi kileleni

Kabla ya kupanda, zunguka uwanja wa kijiji. Nyumba za mbao zenye vichwa vya paa vilivyopindwa kama mawimbi zilijengwa baada ya moto mkubwa wa 1780 kuteketeza kijiji. Gais ilitunukiwa tuzo ya Wakker mwaka 1977 kwa jinsi ilivyoyatunza majengo hayo. Kuanzia 1749 wagonjwa kutoka mbali walikuja hapa kunywa maji ya maziwa yanayobaki jibini likishatengenezwa, wakiamini yanatibu. Pana chemchemi ya kujazia chupa. Popote ukikuta maandishi Kein Trinkwasser, usinywe.

Sasa tafuta kibao cha manjano kilichoandikwa Gäbris. Uswisi ina takriban kilomita 65,000 za njia za miguu zilizowekewa alama, na mfumo ni mmoja nchi nzima. Manjano ni njia ya kawaida. Mistari ya nyeupe, nyekundu na nyeupe ni njia ya mlimani inayotaka viatu imara na uangalifu. Nyeupe, buluu na nyeupe ni ya wazoefu wenye vifaa. Siku hii ni ya manjano. Muda ulioandikwa kwenye kibao ni wa kutembea tu, bila kupumzika, kwa mwendo wa mtu mzima mwenye afya. Mwenye watoto aongeze nusu yake.

Njia inaacha nyumba mapema na kupanda katikati ya malisho. Anza polepole kuliko unavyodhani inafaa. Ukiweza kuzungumza bila kukatiza sentensi, mwendo ni sahihi. Kwenye njia panda tafuta alama ndogo ya almasi ya manjano kwenye mti, nguzo au kona ya banda. Ukitembea dakika kumi bila kuiona, simama ufungue ramani. Ukikutana na watu wasalimie: Grüezi kwa mmoja, Grüezi mitenand kwa kundi. Mjini hakuna anayekusalimia, lakini kijiani kupita kimya huonekana utovu wa adabu, jambo ambalo Mswahili hahitaji kufundishwa.

Kupita katikati ya mashamba

Nyasi unazoziona si pambo. Ng'ombe wa hapa hukaa bandani miezi mingi ya baridi, na wanachokula wakati huo ni nyasi zilizokatwa na kukaushwa kiangazi. Mkulima wa Kichaga anayekata majani kila siku kumpelekea ng'ombe wake wa ndani angeelewa mara moja. Ukato wa kwanza wa mwaka, kwa kawaida mwezi Mei au mwanzoni mwa Juni, huwa mkubwa. Nyasi zilizolazwa na nyayo za watu hazikatiki vizuri, na zenye tope ng'ombe huzikataa.

Kwa hiyo tofautisha aina mbili za ardhi. Malisho ni pale ng'ombe wanapolishwa, nyasi ni fupi na kuna uzio. Kifungu cha 699 cha Sheria ya Kiraia ya Uswisi kinamruhusu kila mtu kuingia msituni na malishoni kwa kadiri ya desturi ya mahali. Konde la nyasi ndefu ni jambo jingine. Hilo ni zao shambani, sawa na mahindi, na wakati linapokua huingii nje ya kijia hata kwa ajili ya picha. Kijia kikiwa chembamba, tembeeni mmoja nyuma ya mwingine. Pumzikeni kwenye benchi, ukingoni mwa msitu au malishoni pasipo na mifugo.

Uzio wa umeme utaukuta mara nyingi. Shika mpini wa plastiki, fungua, pita, rudisha ndoano mahali pake, hata kama unaona watu wengine wako nyuma. Geti lililofungwa lifunge. Ukiugusa waya wa uzio kwa bahati mbaya utashtuka, lakini hauui.

Taka zote rudi nazo begini, na makopo hasa. Kopo la aluminiamu likiachwa nyasini hukatwakatwa na mashine ya kufyeka, vipande vyenye makali vinachanganyika na chakula, na ng'ombe akivimeza huumia tumboni hadi kufa. Kinyesi cha mbwa nacho huweza kubeba vimelea vinavyosababisha ng'ombe kutoa mimba, ndiyo maana utaona visanduku vya mifuko ya kuzolea njiani.

Ukikuta trekta linamwaga samadi ya maji, harufu ni kali. Subiri dereva amalize mstari, mpungie mkono, pita upande unakotokea upepo.

Ng'ombe na mbwa wa shamba

Ng'ombe wengi hapa ni wa kahawia, wenye macho makubwa, na wanaonekana wapole. Mei ndio wanatoka bandani baada ya majira ya baridi, wakirukaruka kwa furaha kama ndama hata wakiwa wazima. Wakikukimbilia, mara nyingi ni udadisi. Simama, zungumza kwa sauti ya kawaida, endelea taratibu.

Hatari ya kweli ni ng'ombe mwenye ndama. Usimguse ndama wala usipite kati yake na mama. Zunguka mbali, mita 50 kama nafasi ipo, hata kama utaacha kijia ndani ya malisho. Ng'ombe akiinamisha kichwa, akikwaruza ardhi na kukoroma, rudi kinyumenyume bila kumgeuzia mgongo. Mwenye mbwa amfunge kamba, lakini ng'ombe akimshambulia mbwa, amwachie. Mbwa atajiokoa mwenyewe.

Mbwa wa mashamba haya huitwa Bläss, wa rangi tatu, mkia umejikunja. Kazi yake ni kuswaga ng'ombe kwa kuwang'ata visigino, na huweza kujaribu vivyo hivyo kwa mpita njia. Atabweka sana. Usikimbie, usirushe jiwe, usiinue fimbo. Simama ukiwa umemwelekea, mikono chini, kisha songa polepole hadi uvuke mpaka wa nyumba anayoilinda. Mwenyewe akiwepo atamwita.

Kuelekea mwisho wa Mei na mwezi Juni huenda ukakutana na msafara wa kupeleka mifugo malisho ya juu. Mbele hutangulia mbuzi weupe na watoto waliovaa mavazi ya asili, kisha mchungaji mwenye suruali ya manjano na ng'ombe watatu wenye kengele kubwa zenye sauti zilizolinganishwa. Toka njiani kabisa, simama upande mmoja, usiwapigie mbuzi miluzi. Ukifanikiwa kuona hilo, sahau ratiba ya treni.

Kileleni

Gäbris hutazama pande zote. Kusini upo ukuta wa Alpstein na kilele cha Säntis chenye mita 2,502. Mashariki bonde la Rhine limelala chini, ng'ambo yake milima ya Austria. Kaskazini, siku safi, ziwa Bodensee linang'aa. Vaa sweta mara tu unaposimama, kabla hujahisi baridi. Kula hapa.

Ukisikia ngurumo, hesabu sekunde kati ya mwanga na sauti. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Chini ya sekunde 30, ondoka juu, kaa mbali na mti ulio peke yake na uzio wa chuma, ingia katika jengo.

Mtu aliyechoka arudi Gais kwa njia aliyopandia, ambayo ni fupi. Usitegemee basi kileleni.

Kushuka Trogen

Fuata kibao cha Trogen. Kijia kinaingia na kutoka msituni, na kivulini udongo hubaki na maji siku nyingi baada ya mvua. Fupisha hatua, legeza magoti, kaza kamba za viatu ili vidole visigonge mbele. Msituni majani ya Bärlauch yenye harufu ya vitunguu saumu huota kwa wingi na wenyeji huyala. Usiyachume kama hujafundishwa na anayeyajua. Yanafanana na mimea miwili yenye sumu kali, na vidole vikishanukia kitunguu, pua haiwezi tena kutofautisha.

Trogen utaijua kwa majumba ya mawe kuzunguka uwanja, yaliyojengwa na ukoo wa Zellweger uliotajirika kwa biashara ya vitambaa. Uwanjani hapo wananchi wa jimbo la Appenzell Ausserrhoden walikuwa wakikusanyika kupiga kura kwa kuinua mikono, wakipokezana na kijiji cha Hundwil, hadi 1997. Nje kidogo ya kijiji kipo Kijiji cha Watoto cha Pestalozzi, kilichoanzishwa 1946 kwa ajili ya yatima wa vita. Ukiwa na saa moja zaidi, kitembelee. Giza haliingii kabla ya saa mbili usiku msimu huu, na treni ya kurudi St. Gallen huondoka kila nusu saa.

Jioni, kabla ya kulala

Vua nguo zote ujikague kupe: nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, nyuma ya masikio, mstari wa nywele. Watoto wakaguliwe na mtu mzima, na kichwa chenye nywele nzito au zilizosukwa kipapaswe kwa vidole. Kupe wa huku huambukiza ugonjwa wa Lyme, na wengine virusi vya homa ya ubongo. Virusi hivyo vina chanjo, na anayeishi mashariki mwa Uswisi na anayependa kutembea amuulize daktari wake. Lyme haina chanjo.

Ukimkuta kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu moja kwa moja, usimpake mafuta wala kumchoma. Safisha kwa dawa, piga picha mahali pale, andika tarehe. Likitokea duara jekundu linalopanuka katika majuma yanayofuata, au homa na maumivu ya kichwa, nenda kwa daktari ukiwa na picha hiyo.